Uzi: Maswali ya mwendo katika mstari mnyoofu, chora na uchague mwelekeo kabla ya kugusa kanuni

#1 Mwanzisha uzi (Mwanza)

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu.

Ninafundisha fizikia hapa Mwanza, na mada ambayo wanafunzi wa kidato cha pili huniletea mara nyingi kuliko nyingine zote ni mwendo katika mstari mnyoofu. Wengi wamekariri milinganyo mitatu barabara, yaani v = u + at, s = ut + ½at² na v² = u² + 2as (u ni velositi ya mwanzo, yaani kasi pamoja na mwelekeo wake, v ni velositi ya mwisho, a ni mchapuko, t ni muda na s ni umbali kutoka mahali pa kuanzia), na hata ukiwaamsha usiku wa manane watakutajia bila kusita. Lakini ukiwapa swali la maneno, wanaokota mlinganyo wa kwanza unaowajia kichwani, wanatumbukiza tarakimu humo na kusubiri jibu litoke. Ninaamini tatizo lao haliko kwenye hesabu. Liko kwenye zile dakika mbili za mwanzo, kabla mlinganyo wowote haujaandikwa: hawajachora, hawajaamua ni upande upi utakuwa chanya, na hawajajiuliza kama mchapuko, yaani kiasi ambacho velositi inabadilika kwa kila sekunde, unabaki ule ule safari nzima.

Nianze na jambo ambalo kila mkazi wa jiji hili analiona kila siku. Daladala inaondoka kituoni Buzuruga kutoka hali ya kusimama, inafikia 12 m/s baada ya sekunde 8, inakwenda na velositi hiyo kwa sekunde 20, kisha dereva anafunga breki na gari linasimama kituo kinachofuata baada ya sekunde 6. Imesafiri umbali gani?

Mwanafunzi aliyezoea kuokota kanuni ataandika u = 0, v = 0, t = 34, halafu atakwama, au mbaya zaidi, atapata umbali sifuri. Milinganyo ile mitatu inafanya kazi pale tu ambapo mchapuko haubadiliki, na hapa umebadilika: kwanza ni 12 ÷ 8, yaani 1.5 m/s², kisha sifuri, kisha 2 m/s² kuelekea nyuma, ambao tunauandika −2. Hizi ni safari tatu ndani ya safari moja.

Sasa chukua karatasi, weka muda kwenye mhimili mlalo na velositi kwenye mhimili wima. Mstari unapanda kutoka sifuri hadi 12, unalala kwa sekunde 20, kisha unashuka hadi sifuri. Umbali uliosafiriwa ni eneo lililo chini ya mstari huo. Pembetatu ya kwanza inatoa ½ × 8 × 12, yaani mita 48. Mstatili wa katikati unatoa 20 × 12, yaani mita 240. Pembetatu ya mwisho inatoa ½ × 6 × 12, yaani mita 36. Jumla ni mita 324. Anayetaka kuhakiki aitazame picha nzima kama trapeza moja: ½ × (34 + 20) × 12, na anapata 324 ile ile. Kasi ya wastani ni 324 ÷ 34, yaani karibu 9.5 m/s. Mwanafunzi wa darasa la saba anayejua eneo la trapeza analiweza swali hili.

Wazo hili lina umri mrefu. Katika karne ya 14 wanazuoni wa Oxford walionyesha kwamba kitu kinachoongeza mwendo sawasawa husafiri umbali ule ule ambao kingesafiri kama kingekwenda muda wote kwa kasi ya katikati, na Nicole Oresme wa Ufaransa akalithibitisha jambo hilo kwa mchoro wa umbo kama hili. Galileo alilitumia katika karne ya 17 alipoeleza namna vitu vinavyoanguka. Milinganyo yetu mitatu imetoka humo humo: mteremko wa mstari ndio unaotoa v = u + at; eneo lake, ukilikata kuwa mstatili wa ut na pembetatu ya ½at², ndilo linalotoa mlinganyo wa pili; na ukiuondoa muda kati ya hiyo miwili unapata wa tatu. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wangu kwamba akisahau kanuni katikati ya mtihani, asihangaike. Achore tu, kanuni itajitokeza yenyewe.

Jambo dogo kuhusu vipimo, nisilirudie tena. Kilomita moja ni mita 1,000 na saa moja ni sekunde 3,600, kwa hiyo ukitaka kutoka km/h kwenda m/s unagawanya kwa 3.6. Fanya hivyo kabla ya kuanza, wala usisubiri mwishoni.

Mwenye swali alilete hapa tulijadili.

#2 Mchangiaji (Sengerema)

Mwangaluka mwalimu. Nashukuru sana kwa uzi huu. Binti yangu alipewa swali kuhusu Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi, ambalo urefu wake ni kilomita 3. Gari limevuka nusu ya kwanza ya daraja kwa 30 km/h na nusu ya pili kwa 60 km/h, naye akatakiwa kutafuta kasi ya wastani. Aliandika 45, akawekewa mkasi. Mimi mwenyewe ningeandika 45. Kosa liko wapi?

#3 Mwanzisha uzi

Mwangaluka mzazi mwenzangu. Kosa ni kuchukua wastani wa tarakimu mbili badala ya kurudi kwenye maana ya kasi ya wastani, ambayo ni umbali wote kugawanya kwa muda wote. Nusu ya kwanza, kilomita 1.5 kwa 30 km/h, inachukua dakika 3. Nusu ya pili, kilomita 1.5 kwa 60 km/h, inachukua dakika 1 na nusu. Jumla ni dakika 4 na nusu kwa kilomita 3, na ukigeuza unapata 40 km/h.

Sababu ni kwamba gari limekaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa taratibu, mara mbili ya ule wa haraka, kwa hiyo 30 ina uzito zaidi katika wastani. Kama swali lingesema gari limekwenda nusu ya *muda* kwa 30 na nusu ya *muda* kwa 60, basi 45 ingekuwa sahihi kabisa. Mwambie binti apige mstari chini ya neno linalotaja kilichogawanywa nusu, kama ni umbali au ni muda, kabla hajashika kalamu ya kukokotoa.

#4 Mchangiaji (mwanafunzi, Nyegezi)

Shikamoo mwalimu. Nina swali hili: basi linakwenda kwa 20 m/s, dereva anafunga breki na basi linapunguza mwendo kwa 4 m/s². Tafuta umbali litakaosafiri katika sekunde 8 tangu breki zifungwe. Mimi nimetumia s = ut + ½at² nikiweka a = −4, nikapata 160 − 128 = mita 32. Jibu lililo nyuma ya kitabu ni mita 50. Nimerudia hesabu na sioni nilipokosea. Je, kitabu kimekosea?

#5 Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu. Kitabu hakijakosea, na hesabu yako nayo haina kosa hata moja. Umeweka ishara ya kutoa mahali pake, jambo ambalo wengi hulisahau. Lililokosekana ni kuuliza basi linafanya nini katika hizo sekunde 8.

Tafuta kwanza velositi ya mwisho kwa v = u + at. Unapata 20 − 32, yaani −12 m/s. Ishara ya kutoa inasema kwamba, kwa mujibu wa mlinganyo, basi linarudi nyuma kwa 12 m/s. Basi lililofungwa breki halirudi nyuma. Linasimama na kubaki limesimama, na papo hapo mchapuko wa −4 unakoma. Linasimama lini? Weka v = 0 na unapata t = sekunde 5. Katika sekunde hizo 5 limesafiri 100 − 50, yaani mita 50. Sekunde 3 zilizobaki limetulia mahali pale pale. Jibu ni mita 50.

Ukichora grafu utaiona ile 32 ilikotoka. Mstari unashuka kutoka 20 hadi sifuri kwenye sekunde ya 5, na pembetatu iliyo juu ya mhimili ina eneo la 50. Ukiuacha mstari uendelee kushuka chini ya mhimili hadi sekunde ya 8, unapata pembetatu nyingine yenye eneo la ½ × 3 × 12, yaani 18, na kwa kuwa iko chini, mlinganyo unaitoa: 50 − 18 = 32. Mlinganyo umekuhesabia safari ya kurudi ambayo basi halikuifanya. Kwa hiyo kila unapokutana na swali la breki, tafuta muda wa kusimama kwanza, kisha uulinganishe na muda uliotajwa.

#6 Mchangiaji (dereva, Igoma)

Heshima kwako mwalimu. Mimi ni dereva, shule niliiacha zamani, lakini hili la breki limenigusa. Tunaambiwa kwamba ukiongeza mwendo mara mbili, gari linasimama mbali mara nne. Je, hiyo ni hesabu ya kweli au ni namna ya kututisha?

#7 Mwanzisha uzi

Ni hesabu ya kweli kwa upande wa breki, ndugu yangu. Katika v² = u² + 2as, gari likisimama v ni sifuri, kwa hiyo umbali wa breki ni u² ÷ 2a, ambapo a ni ukubwa wa mchapuko wa breki. Velositi imezidishwa yenyewe kwa yenyewe, na hapo ndipo mara mbili inapozaa mara nne. Tuseme breki zinapunguza mwendo kwa 5 m/s². Kwa 36 km/h, ambayo ni 10 m/s, gari linahitaji mita 10. Kwa 72 km/h, ambayo ni 20 m/s, linahitaji mita 40.

Ila kuna kipande ambacho maneno hayo hayakigusi. Kabla mguu haujafika kwenye pedeli, macho yameona mtoto anakatiza barabara na mwili unachukua muda kuitikia. Tuseme ni sekunde 0.8. Katika muda huo gari linaendelea na velositi yake ile ile: mita 8 kwa mwendo wa kwanza, mita 16 kwa mwendo wa pili. Jumla inakuwa mita 18 na mita 56. Kwa hiyo umbali wote umeongezeka mara tatu na kitu, haujafika mara nne, lakini hizo mita 38 za ziada ndizo zinazotenganisha gari lililosimama kabla ya kivuko cha wanafunzi na gari lililokipita. Lami ikilowa mvua, ile 5 inashuka, na umbali wa breki unapanda kwa kadiri hiyo hiyo.

#8 Mwanzisha uzi

Sasa nifike kwenye swali ambalo, kwa maoni yangu, linapima uelewa wa mada hii kuliko mengine yote. Jiji letu ni la miamba, kwa hiyo mazingira yake hayahitaji maelezo.

Mtu amesimama ukingoni mwa jabali, mita 15 juu ya usawa wa maji ya ziwa. Anarusha jiwe moja kwa moja kwenda juu kwa 10 m/s. Jiwe linapanda, linarudi, linapita ukingo wa jabali na kutumbukia majini. Tafuta muda tangu liliporushwa hadi lilipogusa maji. Chukua mchapuko wa mvutano wa dunia kuwa 10 m/s² na usihesabu ukinzani wa hewa.

Nimeyaona majibu ya namna tatu. Kundi la kwanza linakata safari vipande viwili: kupanda ni sekunde 1 na mita 5, kisha kuanguka mita 20 kutoka juu kabisa, ambako kunachukua sekunde 2, jumla ni sekunde 3. Ni sahihi, na mwenye wasiwasi na ishara aifuate njia hii.

Kundi la pili linaandika 15 = 10t + 5t², linapata sekunde 1, na linafurahi kwa sababu jibu limetoka zima. Hawa wameweka kila kitu kuwa chanya. Wamelitatua swali la mtu aliyelirusha jiwe kwenda *chini*.

Kundi la tatu linakumbuka kwamba mvutano unavuta chini, linaandika 15 = 10t − 5t², na linakuta mlinganyo hauna jibu, kwa maana t² − 2t + 3 = 0 haina jibu la namba halisi. Hapo wengi wanafuta karatasi nzima. Laiti wangesoma mlinganyo wao unauliza nini! Unauliza ni lini jiwe litakuwa mita 15 *juu* ya mkono wa mrushaji, na mlinganyo umejibu kwa ukweli kabisa kwamba halitafika huko kamwe, kwa sababu linapanda mita 5 tu.

Njia iliyonyooka ni hii. Weka mwanzo wa vipimo mkononi mwa mrushaji na uamue kwamba juu ni chanya. Andika uamuzi huo kwenye karatasi, pamoja na mshale wenye alama ya kujumlisha kwenye ncha yake, na usiubadilishe hadi mwisho wa swali. Velositi ya mwanzo inaelekea juu: +10. Mchapuko unaelekea chini: −10, jiwe likiwa linapanda, likiwa limefika kileleni au likiwa linashuka. Maji yako chini ya mkono: −15. Kwa hiyo:

−15 = 10t − 5t²

Ukipanga unapata t² − 2t − 3 = 0, yaani (t − 3)(t + 1) = 0. Muda ni sekunde 3. Velositi ya kugusa maji ni 10 − 30, yaani −20 m/s, na ishara ya kutoa inathibitisha kwamba jiwe lilikuwa linashuka.

Niongeze kuhusu kileleni. Wanafunzi wengi huandika kwamba pale juu mchapuko ni sifuri kwa sababu jiwe limesimama. Kama mchapuko ungekuwa sifuri pale, velositi isingebadilika kutoka sifuri, na jiwe lingebaki linaning'inia angani. Velositi ni sifuri kwa nukta moja tu ya muda, lakini inaendelea kubadilika kwa 10 m/s kila sekunde bila kupumzika.

#9 Mchangiaji (mwalimu, Bukoba)

Mwalimu mwenzangu, naomba nichangie kuhusu lile jibu la pili, t = −1, ambalo darasani huwa tunalikata kwa mstari na kusema kwamba muda hauwi hasi. Nadhani tunawanyima wanafunzi kitu kizuri. Sekunde 1 kabla ya kurushwa, mlinganyo unasema kwamba jiwe lilikuwa usawa wa maji na velositi yake ilikuwa 10 + 10, yaani 20 m/s kwenda juu. Maana yake ni kwamba kama mtu aliyekuwa kwenye mtumbwi chini ya jabali angerusha jiwe lake juu kwa 20 m/s, baada ya sekunde 1 lingepita ukingoni likiwa na 10 m/s kamili, na kuanzia hapo mawe hayo mawili yasingeweza kutofautishwa.

Pia, ile sekunde 1 ya kundi la pili ni ndugu wa hii −1. Ukirusha jiwe chini kwa 10 m/s linagusa maji baada ya sekunde 1 kwa 20 m/s, sawasawa na lile lililorushwa juu, kwa sababu lile la juu linaporudi kwenye usawa wa mkono linakuwa na 10 m/s kwenda chini.

#10 Mwanzisha uzi

Nakushukuru sana, mwalimu. Kuanzia sasa sitalikata tena jibu hilo bila kulieleza.

#11 Mchangiaji (mwanafunzi, Magu)

Shikamooni walimu. Mimi ninasumbuliwa na utepe wa tika-taima, ile mashine inayopiga nukta kwa vipindi sawa kwenye utepe unaovutwa na kitu kinachotembea. Tulipewa utepe wenye nukta, tukaambiwa mashine inapiga nukta 50 kwa sekunde, na tutafute mchapuko. Sijui pa kuanzia.

#12 Mchangiaji (mwalimu, Bukoba)

Marahaba. Nukta 50 kwa sekunde maana yake ni kwamba kutoka nukta moja hadi inayofuata kuna sekunde 0.02. Nafasi tano zinafanya sekunde 0.1, kwa hiyo ukate utepe kila baada ya nafasi tano. Hesabu *nafasi*, usihesabu nukta, kwa sababu nafasi tano zimezungukwa na nukta sita, na mwanafunzi anayehesabu nukta tano anapata nafasi nne na majibu yote yanaharibika. Zile nukta za mwanzo zilizorundikana mahali pamoja ziache, anza pale zinapoanza kuachana waziwazi.

Tuseme vipande vinne vina urefu wa sentimita 2.0, 2.6, 3.2 na 3.8. Gawanya kila kimoja kwa 0.1 na unapata velositi za wastani za 20, 26, 32 na 38 cm/s. Kila sekunde 0.1 velositi inaongezeka kwa 6 cm/s, kwa hiyo kwa sekunde nzima ingeongezeka kwa 60, na mchapuko ni 60 cm/s², yaani 0.6 m/s². Vibandike vipande hivyo wima, kimoja kando ya kingine, na utakuwa umepata grafu ile ile aliyoieleza mwalimu kwenye #1.

#13 Mwanzisha uzi

Ahsante mwalimu, umemaliza kila kitu. Niwaachie zoezi moja. Mtumbwi unaondoka mwaloni kwa 6 km/h bila kubadilisha mwendo. Dakika 20 baadaye boti ya injini inaondoka mahali pale pale kuufuata kwa 18 km/h. Boti itaufikia mtumbwi umbali gani kutoka mwaloni?

#14 Mchangiaji (mwanafunzi, Nyegezi)

Mwalimu, nimejaribu. Nimechagua upande wa kuelekea ziwani kuwa chanya. Boti inapoondoka, mtumbwi umeshasafiri theluthi ya saa kwa 6 km/h, yaani kilomita 2. Boti inapunguza pengo hilo kwa 18 − 6, yaani kilomita 12 kwa saa, kwa hiyo inahitaji moja ya sita ya saa, ambayo ni dakika 10. Katika dakika 10 boti imesafiri kilomita 3. Jibu langu ni kilomita 3.

#15 Mwanzisha uzi

Ni sahihi, mwanangu, na nimefurahi kuona umeanza kwa kutaja mwelekeo. Lihakiki kwa grafu: mstari wa mtumbwi umelala kwenye 6 kwa dakika 30, mstari wa boti umelala kwenye 18 kwa dakika 10 za mwisho. Eneo la kwanza ni 6 × ½, la pili ni 18 × ⅙, na yote mawili ni kilomita 3.